Njia ya Kihispania haipiti London

Barua nyingi zinazofika mezani kwangu kila wiki huwa za nauli, maji na mikopo. Wiki hii imekuja moja ya aina yake. Ameiandika kijana wa Arusha, mpagazi anayebeba mizigo ya watalii wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Anasema amejiwekea lengo la kutoka kwenye upagazi na kuwa mwongoza wageni, na kwamba msafara wa watu wa Hispania, Mexico au Argentina ukifika, anayeijua lugha yao ndiye anayeitwa kwanza. Kwa hiyo amenunua kitabu cha kujifundishia Kihispania, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kurasa za mwanzo zimempa jedwali la kitenzi kimoja katika wakati uliopo, mistari sita. Amelikariri mpaka analisema usingizini. "Lakini," anaandika, "wageni wakizungumza sijui nani kafanya nini, na mimi nikizungumza wananitazama kama mtu anayejisifu."

Nimeisoma barua hiyo mara tatu, maana imegusa jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni tangu nilipoanza kuhudhuria masomo ya jioni ya lugha hiyo, baada ya zamu yangu ya taarifa ya habari. Kijana huyu hana tatizo na Kihispania. Tatizo lake ni barabara aliyopitishwa. Anatoka Arusha kwenda Moshi, wao wamempitisha Dodoma.

Kabla ya kuingia darasani niseme neno juu ya lugha yenyewe, kwa kuwa wapo wanaodhani ni lugha ya mpira na tamthilia za televisheni tu. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na moja kati ya hizo iko hapa Afrika: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968. Aidha, Julai 2003, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Maputo na kupitisha itifaki ya kurekebisha sheria mama ya Umoja wa Afrika, orodha ya lugha rasmi ilikitaja Kihispania, na lugha iliyofuata baada yake ilikuwa Kiswahili. Kwenye karatasi, basi, ni majirani. Mimi nasema ni majirani hata katika ufundi wa kitenzi, na jambo hili kitabu cha kijana wetu hakiwezi kumwambia, kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili yake.

Tuchukue kitenzi kimoja: trabajar, kufanya kazi. Hiyo j si ile ya jembe. Ni kh, ile ya Khamisi na kheri, inayotoka kooni, na hapo mtu wa pwani anaanza mbele ya wenzake. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba neno hili lina asili ya Kilatini, katika jina la chombo cha mateso kilichoundwa kwa nguzo tatu. Wanaosubiri mshahara wa tarehe 25 hawatashangaa.

Vitenzi vyote vya Kihispania, ukivikuta kwenye kamusi, vinamalizikia na -ar, -er au -ir. Hiki ni cha -ar, kundi kubwa kuliko mengine. Ukikata hiyo -ar unabaki na mzizi, trabaj-, kisha unapachika mkia. Trabajo, ninafanya kazi. Trabajas, unafanya kazi. Trabaja, anafanya kazi. Trabajamos, tunafanya kazi. Trabajáis, mnafanya kazi. Trabajan, wanafanya kazi. Jedwali limekwisha, na mamia ya vitenzi vingine yanafuata mkondo huohuo bila ubishi. Caminar, kutembea kwa miguu: camino, caminas, camina. Descansar, kupumzika: descanso, descansas, descansa.

Sasa lisikilize jedwali hilo upande wa Kiswahili. Ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Sita kwa sita. Kila mtenda ana alama yake ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu akisema "tunapumzika" huhitaji kuuliza ni nani, na descansamos ni hivyohivyo. Mwingereza hana kitu hicho. Yeye anasema work kwa mimi, wewe, sisi, ninyi na wao, kisha anaongeza s ndogo kwa mtu mmoja tu. Kwa sababu kitenzi chake hakimtaji mtenda, analazimika kuweka neno la nafsi mbele kila mara. Ndiyo maana kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake huanza kwa kumpa maneno ya nafsi: yo, tú, él na wenzake, naye huyashika kama fimbo ya kutembelea.

Na hapo ndipo kijana wetu alipoanza kuonekana mwenye kujisifu. Amefundishwa kusema yo trabajo, yo camino, yo descanso. Hebu tafsiri kwa Kiswahili. Mimi ninafanya kazi. Mimi ninatembea. Mimi ninapumzika. Ukikutana na mtu anayezungumza hivyo sentensi baada ya sentensi, utajiuliza ana ugomvi na nani. Kila Mswahili anajua, bila kufundishwa na mwalimu yeyote, kwamba "mimi" huwekwa pale tu unapotaka kujitofautisha: mimi ninafanya kazi, yeye anapumzika. Kihispania kina kanuni hiyohiyo: yo trabajo, él descansa. Pasipo na haja ya kutofautisha, trabajo inatosha peke yake. Mwingereza huchukua miezi kuizoea kanuni hii. Kijana wa Arusha alizaliwa nayo, ila kitabu kimemnyang'anya.

Mambo ni hayohayo kwenye maswali. Sisi tukitaka kuuliza hatupangi upya sentensi, tunabadilisha sauti tu. "Unafanya kazi hapa." "Unafanya kazi hapa?" Kihispania: Trabajas aquí. ¿Trabajas aquí? Katika maandishi wao huweka alama ya kuuliza mbili, moja mwanzoni imepinduliwa kichwa chini, ili msomaji ajue mapema kwamba sauti ipande. Ni busara ambayo sisi watangazaji tungeitamani katika taarifa tunazosomeshwa bila kupewa dakika ya kuzipitia. Katika kukanusha wametushinda kwa wepesi: unaweka no mbele, basi. No trabajo los domingos, sifanyi kazi siku za Jumapili. Sisi tuna si-, hu-, ha-, na bado irabu ya mwisho inageuka.

Nikija kwenye matumizi, neno hilo moja, trabajo, linabeba kazi za viambishi vyetu kadhaa. Linabeba hu- ya mazoea: trabajo en la montaña, huwa ninafanya kazi mlimani. Linabeba la sasa hivi, ingawa mtu akitaka kusisitiza kwamba yuko katikati ya shughuli atasema estoy trabajando. Linabeba na la karibuni ambalo halijatokea: mañana trabajo, kesho nafanya kazi, kama vile sisi tunavyosema "kesho naenda Moshi" bila kuhitaji -ta-.

Lakini matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni haya. Mgeni anakuuliza umekuwa katika kazi hii kwa muda gani. Mswahili anajibu: nafanya kazi hapa tangu mwaka 2019, au nafanya kazi hapa, huu mwaka wa tatu. Ni wakati uliopo, kwa sababu kazi bado ipo. Mhispania anajibu vivyo hivyo: trabajo aquí desde 2019, trabajo aquí desde hace tres años. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza kwanza anakumbuka kwamba Mwingereza hapa hutumia wakati uliotimilika, anaubeba mzima mzima, anasema he trabajado aquí tres años, na mgeni anaweza kudhani kwamba kazi ile sasa imekwisha. Kwa mtu anayetafuta kuajiriwa, tofauti hiyo si ndogo.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mambo yote ni mteremko. Lipo jambo moja ambalo Kiswahili hakikutuandaa nalo, nalo linajibu lile lalamiko jingine la kijana, la kutojua nani kafanya nini. Sisi mtenda tunamweka mlangoni. Sikio letu limezoea kumnasa mwanzoni mwa neno: ukisikia "wa-" tayari umewaona watu, kitendo kinafuata. Mhispania mtenda wake kamweka uani, kwenye silabi ya mwisho. Ukisikiliza mwanzo wa neno kwa makini na mwisho kwa uvivu, kama tulivyozoea, utajua kazi imefanyika lakini hutajua ni nani kaifanya. Dawa yake ni sikio, wala jedwali halisaidii hapo. Mwombe mwenzako akusomee trabaja, trabajan, trabajas, trabajo kwa kuchanganya, nawe ujibu kwa neno moja la Kiswahili: anafanya, wanafanya, unafanya, ninafanya. Robo saa kila jioni inatosha.

Mkazo nao unataka uangalifu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa bahati nzuri tano kati ya zile sita za trabajar zinafanya hivyohivyo: tra-BA-jo, tra-BA-jas, tra-ba-JA-mos. Kwa hiyo mdomo wetu hauna shida. Shida ni pale mkazo unapohama. Trabajó, mkazo ukiwa mwishoni na alama juu ya o, si mimi tena wala si leo: maana yake ni "alifanya kazi". Silabi moja imepandishwa, na nafsi pamoja na wakati vimebadilika kwa mpigo. Anayejua tofauti ya barabára ya magari na kufanya jambo barábara ataelewa ninachosema. Trabajamos, kwa upande wake, haihami kabisa: ni "tunafanya kazi" na pia ni "tulifanya kazi". Wenyewe wanaachia maneno ya jirani yaamue, hoy kwa leo, ayer kwa jana.

Halafu kuna wageni wanaomeza herufi. Watu wa Andalucía kusini mwa Hispania, wa visiwa vya Canary, wa Cuba na Jamhuri ya Dominika, wengi wao huiachia s ya mwisho iyeyuke ikawa pumzi tu. Trabajas yao inakaribia kabisa trabaja. Hapo "wewe" na "yeye" wamekuwa sauti moja, na wala si kosa la sikio la mpagazi. Visiwani Caribbean watu wameziba pengo hilo kwa kutaja nafsi mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa Hispania: ¿tú trabajas aquí? Ukisikia tú, shukuru.

Nimetaja tú, na hapa naomba msikilizaji anivumilie, maana hapa hatari ni ya adabu. Tú ni wewe wa rika, wa ndugu, wa mtoto. Mtu mzima usiyemjua, au unayetaka kumpa heshima, ni usted. Na usted haichukui mkia wa "wewe". Inachukua mkia wa "yeye": ¿trabaja usted aquí? Vitabu huilaza kanuni hii mbele ya mwanafunzi kama ajabu ya kukaririwa, bila maelezo. Maelezo yapo. Usted imetokana na vuestra merced, maneno ya zamani ya kumheshimu mtu, yenye maana ya "hisani yako" au "fadhila yako". Hukumsemesha mtu mwenyewe, uliisemesha hisani yake, na hisani ni "yeye".

Je, hilo ni geni kwetu? Nenda sokoni Kariakoo. Muuza nyanya anamwambia mteja aliyesimama mbele yake: "Mama anachagua zipi?" Kondakta anauliza: "Mzee anashuka wapi?" Mhudumu wa hoteli: "Mheshimiwa ataanza na nini?" Mama, mzee na mheshimiwa wapo palepale, macho kwa macho, lakini kitenzi kimevaa a- ya nafsi ya tatu kwa ajili ya kuwapa heshima. Anayemwita mteja wake hivyo tayari anajua usted. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anaijua.

Zamu ya kutumia tú au usted inatofautiana nchi hata nchi. Hispania ya leo watu huingia kwenye tú haraka, hata dukani. Colombia utasikia usted mahali ambapo Mhispania asingeitumia, pengine hata baina ya watu wa nyumba moja. Ushauri wangu kwa anayeongoza wageni ni kuanza na usted na kumwachia mgeni afungue mlango. Akitaka kuufungua anacho kitenzi cha kazi hiyo, tutear, maana yake kumwita mtu tú, nacho ni cha -ar kinachofuata kanuni bila ukaidi: tuteo, tuteas, tutea. Atasema ¿nos tuteamos?, yaani tuitane kirafiki? Kwetu sijapata kumsikia mtu mzima akimwambia kijana "tuache shikamoo", lakini kila nchi na mila zake.

Katika wingi, wale trabajáis wa mstari wa tano ni wa Hispania hasa. Mmexico na Muargentina hawana haja nao katika mazungumzo: "ninyi" wao wote, wa rika na wa heshima, ni ustedes trabajan. Muargentina naye amemwondoa tú, kamweka vos, na mkazo kaupeleka mwisho: vos trabajás. Kijana wetu aanze na mikia mitano, wa sita aujifunze siku akipangiwa kundi la Madrid.

Kundi la -er na la -ir sitalichambua sana. Comer, kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir, kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Mikia ni ileile, irabu tu zimebadilishana viti.

Mtego mmoja nisiuache. Sisi tunasema mtu anafanya kazi, na simu inafanya kazi, na jenereta halifanyi kazi. Kwa Kihispania cha kawaida trabajar ni kwa mwenye jasho. Chombo hupewa funcionar: el teléfono no funciona. Hapa Kiswahili kinatupoteza, na Kiingereza nacho kinatupoteza kwa namna ileile, kwa hiyo usitafute msaada kwa yeyote kati yao.

Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alimpelekea Malkia Isabel kitabu cha sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania hiki, na kitabu cha tano ndani ya kazi hiyo alikitenga kwa ajili ya watu wa lugha nyingine wanaotaka kujifunza. Mwaka huohuo Granada, dola ya mwisho ya Waislamu nchini humo, ilianguka, baada ya Waarabu kuwapo tangu mwaka 711. Karne hizo karibu nane ziliacha maneno ambayo Mswahili akiyasikia anageuka kutazama nani kamwita. Azúcar ni sukari. Ojalá ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, nayo husemwa mtu anapoombea jambo litokee. Na hasta, yenye maana ya "mpaka", imetoka katika hatta ya Kiarabu, ileile iliyotuzalia sisi "hata", ambayo wazee bado wanaitumia kwa maana hiyo: tangu asubuhi hata jioni.

Basi kijana ajaribu sentensi hii jioni moja kambini, wageni wakiwa wamezunguka chai. Mañana desayunamos a las seis y caminamos hasta la una. Kesho tunafungua kinywa saa kumi na mbili, na tunatembea hata saa saba. Desayunar ni kitenzi cha -ar, na ndani yake mna ayuno, saumu: ni kuivunja saumu ya usiku, kama sisi tunavyokifungua kinywa. Vitenzi ni viwili, mtenda yuko mkiani, hakuna nosotros wala haja yake, na wakati ni uliopo ingawa jambo ni la kesho. Saa tu ndiyo aigeuze kichwani kabla hajafungua mdomo, maana akisema a las doce akikusudia saa kumi na mbili yetu, wageni watalala mpaka mchana.